Kuchagua ni Kuhakiki: Nyimbo za Cole Porter katika Sauti za Waimbaji wa Jazi

Utangulizi

Makala haya yanajadili swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa la mashabiki wa muziki wala si la wahakiki wa fasihi: wimbo mmoja unapokuwa umerekodiwa na waimbaji wengi wa jazi, ni rekodi ipi ichaguliwe iuwakilishe wimbo huo? Mifano yetu imetolewa katika tungo za Cole Porter, mtunzi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1891 katika mji wa Peru, jimbo la Indiana, na kufariki mwaka 1964. Porter ameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, tofauti na watunzi kama Jerome Kern na Richard Rodgers, ambao kwa kawaida waliandikiwa maneno na watu wengine, yeye aliandika maneno na mahadhi pia. Tunapotaja matini ya Porter, basi, tunataja kazi ya akili moja. Pili, nyimbo hizo zilitungwa kwa ajili ya maonyesho ya Broadway na filamu ambazo nyingi zake leo hazikumbukwi ila na wataalamu. Kilichozidumisha nyimbo ni kutwaliwa kwake na waimbaji wa jazi, wengi wao Wamarekani Weusi, ambao hawakuandikiwa nyimbo hizo hapo mwanzo.

Hoja yetu kuu ni kwamba kuchagua rekodi ni tendo la uhakiki. Anayechagua huwa tayari amekwisha kuamua msemaji katika wimbo ni nani, anasema na nani, na kinaya cha maneno yake kimelalia wapi. Kwa sababu hiyo tunaikabili desturi iliyoenea ya kumwachia mwimbaji mmoja, Ella Fitzgerald, tungo zote za Porter. Tutaonyesha kuwa desturi hiyo ina msingi, lakini haifai kufuatwa kwa kila wimbo.

Matini na Sauti

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawahitaji kukumbushwa kwamba utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, imekuwa vigumu kwa mhakiki makini kudai kuwa maneno yaliyonakiliwa karatasini ndiyo fasihi yote. Hata hivyo, katika kazi zetu nyingi tumelazimika kuyategemea maandishi kwa kukosa jambo jingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor, na kisha kwa diwani iliyochapishwa na Hichens mwaka 1940. Tunayo mizani na vina vyake. Sauti iliyoyaimba hatunayo. Kwa Porter hali ni kinyume chake. Sauti zimejaa tele, na tatizo la mhakiki ni kuzipambanua.

Mwimbaji wa jazi huukabili wimbo wa Broadway kwa maamuzi matatu makubwa. La kwanza linahusu utangulizi. Nyimbo za jukwaani za enzi hiyo aghalabu zilikuwa na sehemu mbili: utangulizi unaokaribia usemi wa kawaida, ambao hueleza mahali, wakati na hali ya msemaji, na kisha wimbo wenyewe ambao watu hutoka nao kichwani. Waimbaji wengi huutupa utangulizi. La pili ni kasi pamoja na idadi ya wapigaji: okestra nzima yenye fidla, ama piano pekee. La tatu ni uhuru ambao mwimbaji anajipa mbele ya mahadhi na mapigo: ayafuate yalivyoandikwa, ayacheleweshe, au ayabadilishe. Kila uamuzi kati ya haya hugusa maana, na ndivyo vigezo tutakavyovitumia hapa.

Toleo la Mwaka 1956

Mwaka 1956 mtayarishaji Norman Granz alitoa, kupitia kampuni yake mpya ya Verve, santuri mbili za Ella Fitzgerald zenye nyimbo 32 za Porter. Mpangaji wa muziki alikuwa Buddy Bregman, kijana ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 26. Huo ulikuwa mwanzo wa mfululizo wa matoleo manane yaliyotengwa kwa watunzi mbalimbali hadi mwaka 1964. Mnamo mwaka 2003 toleo hilo la Porter liliingizwa katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kitaifa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Heshima hiyo ni haki yake.

Sifa kuu ya toleo hili ni uaminifu. Ella, ambaye angeweza kuyageuza mahadhi apendavyo, aliamua kuyaimba karibu na yalivyoandikwa. Kila silabi inasikika. Vina vya ndani, ambavyo Porter alivipenda kama malenga yeyote wa Mombasa anavyovipenda vina vya kati, havipotei. Kwa lugha ya taaluma yetu, hili ni toleo sanifu la matini: mhariri amejificha ili mtunzi aonekane.

Uaminifu huu una faida kubwa zaidi katika zile tunazoweza kuziita nyimbo za orodha, kama "You're the Top" ya mwaka 1934 au "Let's Do It" ya mwaka 1928. Nyimbo hizi hurundika majina ya vitu, wanyama na watu, na utamu wake hutokana na kasi ambayo akili ya msikilizaji hurushwa kutoka jambo moja hadi jingine. Mwimbaji anayejitia huzuni au anayevuta maneno huuvunja mchezo. Ella haongezi kitu, na kutoongeza huko ndiko kunakohitajika. Ifahamike pia kwamba matini ya nyimbo za aina hii si moja. Katika rekodi za mwanzo za "Let's Do It" mistari ya kwanza inayataja baadhi ya mataifa ya Asia kwa majina ya matusi; baadaye Porter aliiondoa na kuweka ndege mahali pake. Anayechagua rekodi ya wimbo huu, kwa hiyo, huchagua pia maneno, na hawezi kujitetea kwa kusema kuwa alikuwa akifuata muziki tu.

Kama Porter angekuwa mtunzi wa vichekesho peke yake, mjadala wetu ungeishia hapa. Lakini chini ya uchangamfu wake kuna tungo ambazo msemaji wake amejeruhiwa na hataki kukiri. Katika hizo toleo sanifu halitoshi.

"Love for Sale": Nani Anauza?

Wimbo huu ulitoka katika onyesho la The New Yorkers, lililofunguliwa jijini New York mwezi Desemba mwaka 1930. Msemaji ni kahaba anayeinadi bidhaa yake barabarani usiku. Hapo awali uliimbwa na mwimbaji mzungu, Kathryn Crawford, na mandhari yake yalikuwa mbele ya mkahawa katika mtaa wa kitajiri. Lawama zilipozidi, waandalizi hawakuufuta wimbo. Waliyahamishia mandhari Harlem, mbele ya Cotton Club, wakampa wimbo mwimbaji mweusi, Elisabeth Welch. Redioni wimbo huo ulipigwa marufuku, lakini jukwaani kelele zilipungua. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni rangi ya msemaji. Jambo lililoonekana kuwa aibu katika kinywa cha mwanamke mzungu lilichukuliwa kuwa la kawaida katika kinywa cha mwanamke mweusi.

Historia hii inapaswa kukaa masikioni mwa kila anayelinganisha rekodi za wimbo huu. Ella, mwaka 1956, anaimba utangulizi wote. Tunaupata usiku, ukimya wa njia, na polisi anayepita kwa miguu mizito. Yaani, tunaipata sheria ikiwa karibu huku ikitazama kando. Hakuna rekodi inayomhudumia mwanafunzi wa matini vizuri zaidi. Lakini sauti yenyewe inaielezea barabara kama mtu anayeitazama kutoka dirishani. Maneno ya mnada yanatamkwa kwa usafi uleule unaotumika katika nyimbo za orodha, na kinaya kinabaki katika maandishi pasipo kuingia katika sauti.

Billie Holiday aliurekodi wimbo huo mwaka 1952 akiwa na piano ya Oscar Peterson pekee. Mtayarishaji alikuwa Granz huyohuyo. Holiday anauacha utangulizi, na hasara hiyo ni ya kweli kwa sababu polisi wa Porter anatoweka. Badala yake anatupa msemaji. Anaichelewesha sauti nyuma ya mapigo ya piano, kama muuzaji ambaye hana haja ya kumkimbilia mnunuzi. Mahadhi yanayopanda anayabana, ili maneno yasigeuke kilio. Anapozisifu bidhaa zake, sifa hizo zinatoka bila joto, kama mtu anayesoma bei, na hapo ndipo msikilizaji anapotambua kuwa neno "mapenzi" katika wimbo huu limekwisha kuondolewa maana yake tangu mwanzo. Kinaya ambacho Porter alikiandika kinasikika.

Kuna maelezo mepesi ya ubora wa rekodi hii ambayo ni lazima yakataliwe. Husemwa kwamba Holiday anauimba wimbo vizuri kwa sababu aliyaishi maisha hayo. Tena mwenyewe, katika tawasifu yake ya mwaka 1956, alieleza jinsi alivyokamatwa kwa ukahaba akiwa msichana mdogo. Ukweli huo wa maisha haukanushiki. Lakini kuutumia kama kipimo cha usanii ni kurudia kosa la waandalizi wa The New Yorkers: kudhani kwamba mwanamke mweusi anapoimba maneno haya hatungi chochote bali anatoa ushahidi. Tumewafunza wanafunzi wetu kutomchanganya mtunzi na msemaji wa shairi. Kanuni hiyo inamfaa mwimbaji pia, na inamfaa zaidi yule ambaye jamii imezoea kumnyima. Kuchelewesha mapigo ni mbinu. Kubana mahadhi ni mbinu. Kutupa utangulizi ni uamuzi. Holiday anapaswa kuchaguliwa hapa kwa yale aliyoyafanya mbele ya kipaza sauti, na kwa hayo anashinda.

"Miss Otis Regrets": Faida ya Kujizuia

Mtu akishaikubali hoja iliyotangulia, aweza kuharakia kutoa kanuni kwamba wimbo wa uchungu huhitaji mwimbaji wa uchungu. Wimbo wa "Miss Otis Regrets" wa mwaka 1934 unaivunja kanuni hiyo. Msemaji ni mtumishi wa nyumbani anayemweleza mgeni, kwa adabu zote za kazi yake, kwamba bibi yake hataweza kufika kwa chakula cha mchana. Sababu zinafuata moja baada ya nyingine: bibi alidanganywa na mpenzi, akampiga risasi, akatiwa jela, kisha umati ukamtoa humo na kumnyonga mtini. Baada ya kila habari mtumishi anarudia kuomba radhi kwa niaba yake.

Kwa hadhira ya matajiri waliomzunguka Porter, huu ulikuwa mzaha juu ya adabu inayoendelea hata mbele ya kifo. Lakini kuuawa na umati hakukuwa mzaha nchini Marekani. Hesabu za Taasisi ya Tuskegee zinaonyesha watu 4,743 waliouawa hivyo kati ya mwaka 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa weusi. Ethel Waters, mmoja wa waimbaji wa kwanza kuurekodi wimbo huu mwaka 1934, mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa akiimba kwenye jukwaa la Broadway wimbo wa Irving Berlin uitwao "Supper Time", ambao msemaji wake ni mke wa mtu aliyeuawa na umati. Mwimbaji mweusi anapomwigiza mtumishi wa Porter, kwa hiyo, maneno yaleyale yanabeba mzigo ambao mtunzi huenda hakuukusudia.

Mzigo huo ubebwe vipi? Rekodi ya Ella ya mwaka 1956, akiwa na piano ya Paul Smith tu, inalijibu swali hili kuliko nyingine tunazozijua. Ella hatii huzuni ya ziada wala kicheko. Sauti yake ni ya mtu aliyefundishwa kazi, anayefikisha ujumbe kama alivyoagizwa. Usafi uleule uliompunguzia nguvu katika "Love for Sale" unakuwa hapa ndio uigizaji wenyewe, kwa sababu msemaji huyu analazimika kuwa msafi wa usemi. Mtumishi anayelia mbele ya mgeni atakuwa ameiacha kazi yake, na kinaya cha wimbo kitakuwa kimekufa. Anayejizuia humwachia msikilizaji jukumu la kutishika. Hivyo mwimbaji yuleyule, kwa sifa ileile, anakosa katika wimbo mmoja na kupata katika mwingine. Na hili latosha kuonyesha kwa nini haifai kuchagua mwimbaji kwanza na nyimbo baadaye.

Nyimbo Ambazo Maana Yake Imo katika Ala

Zipo pia tungo ambazo kigezo kikubwa si msemaji bali ni ala zinazoandamana naye. "Ev'ry Time We Say Goodbye", uliotungwa kwa ajili ya onyesho la Seven Lively Arts mwaka 1944, huanza kwa noti moja inayorudiwarudiwa huku sauti za ala zikibadilika chini yake. Kinywa kimesimama, moyo unasogea. Baadaye maneno yanataja waziwazi kugeuka kwa muziki kutoka ufunguo wa meja wenye uchangamfu kwenda ule wa maina wenye majonzi, na papo hapo muziki unafanya hivyo. Ni nadra kupata mfano wa fani na maudhui vilivyoungana kiasi hiki.

Kama ni hivyo, rekodi bora ni ile isiyoyafunika mageuzi hayo. Ella mwaka 1956 amezungukwa na fidla, nazo hutangaza huzuni kabla haijafika. Ray Charles na Betty Carter, katika rekodi yao ya mwaka 1961, wana fidla na kwaya pia, tena wanageuza umbo la wimbo: usemi wa mtu mmoja aliyeachwa peke yake unakuwa mazungumzo ya watu wawili. Ni tafsiri yenye mvuto, lakini inamwondolea msemaji upweke wake, na upweke ndio mada. Sarah Vaughan, mwaka huohuo wa 1961, aliuimba akiwa na gitaa la Mundell Lowe na besi ya George Duvivier basi. Katika uwazi huo kila badiliko la gitaa linasikika kama neno. Tunamchagua Vaughan, ingawa tunakiri kwamba anayeutafuta wimbo huu kama mchezo wa kuigiza atawachagua Charles na Carter kwa haki.

"I've Got You Under My Skin" wa mwaka 1936 unadai kinyume cha hayo. Msemaji anajua kwa akili kwamba penzi lake halitafanikiwa. Sauti ya ndani inamwonya, naye anaipuuza. Porter alimjengea wimbo wa vipimo 56, badala ya 32 vilivyozoeleka, unaopanda hatua kwa hatua. Katika rekodi ya Frank Sinatra ya mwaka 1956, iliyopangwa na Nelson Riddle, mwimbaji anaanza kama mtu anayejitania, okestra inajazana polepole nyuma yake, hadi tromboni ya Milt Bernhart inapolipuka na kuyasema yale ambayo msemaji alikuwa akiyaficha. Toleo la Ella la mwaka huohuo linaieleza hisia vizuri, lakini hisia hiyo haikui. Wapo watakaouliza kama Sinatra ni mwimbaji wa jazi. Kwa kigezo cha matini, swali lenye uzito zaidi ni kama anayatumia mapigo na ala kuleta maana ambayo maneno pekee hayakuibeba. Hapa anafanya hivyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba rekodi ya Ella Fitzgerald ya mwaka 1956 ndiyo msingi ambao mwanafunzi wa Porter hawezi kuukwepa: ndiyo matini kamili, na katika nyimbo za orodha na katika "Miss Otis Regrets" ndiyo pia tafsiri bora. Katika "Love for Sale" tumemchagua Holiday, katika "Ev'ry Time We Say Goodbye" tumemchagua Vaughan, na katika "I've Got You Under My Skin" tumemchagua Sinatra. Chaguo hizi zaweza kupingwa, na tungependa zipingwe kwa kusikiliza. Tunachosisitiza ni njia: kwanza atambuliwe msemaji wa wimbo, kisha iulizwe ni maamuzi gani ya mwimbaji yanayomfanya msemaji huyo asikike.

Jambo la mwisho linahusu haki. Jina la Porter ndilo linaloandikwa juu ya nyimbo hizi, na ni stahili yake. Lakini kama "Love for Sale" ungebaki na ile hukumu ya mwaka 1931, leo ungekuwa tanbihi tu katika historia ya ubaguzi wa jukwaani. Waimbaji walioupokea wimbo huo baada ya Elisabeth Welch waliutoa katika hukumu hiyo kwa kazi ya masikio, pumzi na akili. Mhakiki anayeiita kazi hiyo kipaji cha kuzaliwa, au maisha magumu yaliyopata sauti, humnyang'anya mwimbaji usanii wake. Kuchagua rekodi kwa hoja ni njia mojawapo ya kuurudisha.